Herufi za Calist Hazikuandikwa kwa Ajili ya Baa

Naandika haya kwa wazazi wenzangu wenye watoto wanaoshika kompyuta. Mimi niliishia darasa la saba, sitaandika kwa madoido. Lakini nina hasira, na hasira haihitaji cheti.

Mume wangu, Calist Marko, ndiye aliyekuwa akiandika majina kwenye makaburi ya kwetu, huku chini ya mlima wa Kilimatinde. Hakuwa na kibanda wala kibao cha ufundi. Watu wakishajengea kaburi, saruji ikiwa bado haijashika, wanamwita. Anakuja na msumari wake mrefu, anapiga magoti, anaandika jina, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa, ananawa, anakula ugali na wenzake, anarudi nyumbani kuangalia mbuzi. Alikuwa na mwiko wake: hamruki marehemu na hapiti upande wa miguu. Kwa hiyo aliandika akiwa ubavuni, kiuno kimepinda, na herufi zake zote zikalala nyuma kidogo kama mtu aliyeegemea ukuta. S aliianzia chini akapanda nayo juu. A yake, kile kijiti cha katikati kilishuka upande mmoja kama mteremko wa kwenda Manyoni. Ukiingia makaburini kwetu huhitaji kuuliza nani kaandika.

Alipokufa yeye, hakukuwa na wa kumwandikia. Tukasimika msalaba wa mbao, jina tukalipaka rangi, masika ikalilamba lote. Ukoo ukakubaliana: tukishavuna, tutamjengea. Tangu siku hiyo mimi nilikuwa na wazo moja tu lililonikosesha raha. Mtu aliyewaandika wafu wa kijiji kizima, yeye nani atamwandika? Nilitaka jina lake liandikwe kwa herufi zake mwenyewe. Sikutaka kingine. Marumaru sikutaka, maua ya plastiki sikutaka.

Sasa binti yangu, Severina. Alimaliza kidato cha nne, yuko nyumbani, na mjomba wake wa Itigi alimpa kompyuta yake kuukuu, ile ya kukunja, ambayo ukichomoa waya inazima hapo hapo. Wenzake wakishika kompyuta wanaangalia tamthilia. Huyu wangu anaangalia herufi. Nasema kweli. Tunakwenda dukani, mimi nauliza bei ya sukari, yeye ameinama kwenye mfuko wa saruji.

"Mama, ona hii G ilivyonenepa tumbo."

"Severina, watu wanatutazama."

"Lakini ona, E imebaki nyembamba. Walizichanganya. Hizi si za familia moja."

Eti herufi zina familia. Nikadhani mtoto ameanza kuchanganyikiwa kwa ajili ya msiba. Nikamwombea.

Kumbe alikuwa na jambo lake. Alianza kwenda makaburini na simu. Mimi moyo ulikuwa haukai, maana binti anayezungukazunguka makaburini kijijini kwetu atapewa jina baya kabla hajafika nyumbani. Nikawa namfuata, najifanya napalilia palipo na majani. Yeye anapiga picha herufi mojamoja. R ya huyu, K ya yule. Nyumbani anaziingiza kwenye kompyuta, anazichora upya juu ya picha, kila herufi kwenye chumba chake, anaisogeza kushoto, anairudisha kulia. Siku nzima anaweza kubishana na L na T.

"Sasa T imekufanya nini?"

"Ikikaa karibu na A inaacha uwazi mkubwa, mama. Baba alikuwa anaisogeza. Mkono wake ulikuwa unajua. Kompyuta haijui mpaka niifundishe."

Alitengeneza A tatu tofauti, kwa sababu, alisema, mtu hawezi kuandika A mbili zikafanana kama mayai. Zile ambazo hazikuwapo makaburini, kama Q na X, maana kwetu nani anaitwa hivyo, alizibuni akifuata tabia za baba yake. Na V ilikuwa moja tu makaburi yote. Ilikuwa kwenye kaburi la Veronika, mama yake Evodia jirani yetu. Siku ile Calist anaiandika, msumari ulikwaa kijiwe, ukaacha kovu kwenye mkono wa kulia wa V. Severina akaniuliza kama alisawazishe kovu hilo. Akajijibu mwenyewe kwamba hapana, hivyo ndivyo baba alivyoandika.

Kitu hicho chote kikiisha kinaitwa fonti. Ukibonyeza kitufe cha D, inatokea D ya Calist. Siku aliyomaliza, aliniita jikoni, akaandika jina langu. DINA. Kwa mkono wa marehemu, kabisa kabisa, ile N yake iliyochoka. Nilimwambia azime. Kisha nikamwambia awashe tena.

Basi wazo langu likapata njia. Severina alisema atachapa jina la baba yake kwa ukubwa kamili kwenye karatasi, siku ya kujengea tutalilaza juu ya saruji mbichi, na yeye atafuata mistari kwa msumari. Nikashukuru Mungu. Nilitembea siku hizo kama mtu aliyeshiba.

Akaenda Manyoni kuchapa, kwenye stesheneri ya kijana mmoja anaitwa Hezekia. Kazi ilipofunguliwa kwenye kompyuta ya pale, jina likatokea kwa herufi nyingine kabisa, zile za barua za ofisini. Hezekia akamweleza kwamba kompyuta ile haina fonti hiyo, amwachie aisimike. Severina akampa flashi. Kijana akaisimika, akachapa, akasifu: "Fonti kali hii dada, umeitoa wapi?" Mtoto wangu, kwa kufurahi kusifiwa, akamweleza habari zote za baba yake. Hezekia hakuuliza kama anaweza kuitumia. Severina naye hakumwambia asiitumie. Mtoto aliyelelewa vizuri hajui kwamba kuna watu wa kuambiwa usichukue.

Wazazi, hapo ndipo penyewe. Sikieni kilichofuata.

Evodia alirudi kutoka Manyoni siku ya soko, hakupitia kwake, akaja moja kwa moja uani kwangu na kapu kichwani. Hakubisha hodi.

"Mama Severina, mama yangu amekukosea nini?"

"Evodia, karibu kwanza, kaa..."

"Sikai. Nauliza, mama yangu Veronika, aliyekulindia watoto ukienda shamba, amekukosea nini mpaka mumtangazishe bia?"

Sikuelewa hata kidogo. Akatua kapu, akanieleza kwa mikono. Karibu na stendi kuna baa ya Mughwai. Mughwai amepandisha bango jipya, pana kama ukuta wa darasa. VINYWAJI BARIDI. KITIMOTO. NYOTE KARIBUNI.

"Na ile V," Evodia alisema, "ile V ni ya mama. Ina kovu. Nimeipangusa vumbi kila Novemba tukiombea marehemu, unafikiri siijui? V ya mama yangu iko kwenye vinywaji, na K ya baba mkubwa iko kwenye nguruwe!"

Severina alikuwa mlangoni. Alishika kinywa.

"Shangazi, sikumpa kwa ajili ya hayo. Mimi nilichapa tu jina la baba."

"Wewe usinishangazi. Uliingia makaburini ukawachuna wafu kama mtu anachuna mahindi. Leo wako baa, kesho watakuwa wapi? Kwenye kopo la dawa ya panya?"

Akaondoka. Na kabla jua halijazama alikuwa ameshapita nyumba zote. Nani wa kumlaumu? Mimi mwenyewe ningepita.

Anayejua kujengea kaburi anaelewa kwa nini niliogopa. Kaburi halijengwi na mjane na binti yake. Mchanga unatoka korongoni, mawe yanabebwa, maji yanatekwa mbali, na vyote vinabebwa na watu waliokuja kwa mapenzi. Wasipokuja, hiyo ni hukumu. Maana yake kijiji kimemkataa marehemu. Calist, aliyepiga magoti kwa wafu wao wote!

Nikapanda bodaboda kwenda Manyoni. Severina akataka kuja, nikamwambia akae, yeye ni mpole mno, na siku hiyo upole ungeniharibia kazi.

Bango nililiona kabla sijashuka. Jamani. Ni kama kumwona mume wangu amesimama juu ya meza ya walevi. Ile A yenye kijiti cha mteremko, ile R. Nikaenda stesheneri.

"Shikamoo mama," Hezekia akasema, anatabasamu.

"Marahaba. Mimi ndiye mke wa hizo herufi."

Tabasamu likapungua. Nikamweleza. Akasikiliza huku anakata picha za pasipoti, kisha akasema:

"Mama, pole. Lakini fonti haina mwenyewe. Ni herufi tu. A ni A. Hata mimi kwenye kompyuta nina fonti mia ngapi, hakuna aliyekuja kudai."

"Hao wa kwenye kompyuta unawajua?"

"Siwajui."

"Huyu ulimjua. Mtoto alikusimulia. Alikwambia baba yake amekufa, alikwambia majina yale ni ya kaburini. Ukasikia yote, ukaona hii itafaa kwa kitimoto?"

"Mteja alitaka kitu chenye mvuto, mama. Kilichoandikwa kama kwa mkono. Yaani kiasili."

"Asili ya nani?"

Mteja mwingine akaingia kutaka kudurufu cheti, Hezekia akajifanya anahangaika na mashine. Sikuondoka. Nilimwambia aifute mbele ya macho yangu. Akaifuta, akanionyesha kioo, mimi sijui kusoma mambo ya kwenye kioo lakini niliangalia uso wake. Nikauliza kama kuna mtu mwingine amempa. Akajikuna shingo. Kuna rafiki yake wa Itigi. Na kuna kundi la wachapaji kwenye simu, wamo watu wa Singida mjini, wa Dodoma, kote. Aliituma siku ileile aliyoipata. "Tunasaidiana," akasema.

Tunasaidiana! Yaani mali ya kaburini inapitishwa mkono kwa mkono kama ugoro, na jina lake msaada.

Nikavuka barabara kwa Mughwai. Huyu nilimwogopa zaidi, mtu mkubwa, sauti yake inasikika mpaka relini. Lakini alimjua Calist.

"Shemeji! Leo umekuja kunywa?"

"Mughwai, toka nje uangalie bango lako."

Akatoka, anacheka, mikono kiunoni. "Bango zuri."

"Angalia herufi. Mdogo wako Gasto amelala wapi?"

"Kule kwenu, si kwa..." Akakomea hapo. Niliona macho yake yanapanda kwenye G, hapana, hakukuwa na G kwenye bango, yalipanda kwenye T na O, yakakaa pale. Alikuwa analipita bango hilo kila asubuhi na hakuliona. Alileta ngazi mwenyewe, wateja wanapiga kelele "Bosi vipi, umefunga?", akawajibu kwa tusi ambalo siliandiki. Akakata kamba, bango likaanguka, akalikunja, akanikabidhi.

Nililipeleka kwa Evodia. Nikaliweka mlangoni kwake.

"Nilifanyie nini?" akauliza. "Nianikie ulezi?"

"Fanya utakavyo. Limeshuka."

"Na huko kwingine?"

Akaingia ndani. Bango akaliacha pale pale.

Zikabaki siku chache tujengee. Mzee wa kanisa, Fabiano, akaja kunishauri. Mtu mwema, lakini ana haraka ya kumaliza ugomvi kuliko kuuelewa. Alisema watu wamechafukwa, kwamba wengine wanasema herufi zile zimeshanajisika, haifai kurudishwa makaburini.

"Mimi nimepata njia ya amani, mama. Tuweke kibao. Kile cha kigae, kinang'aa, kinaandikwa kwa kompyuta. Kinabandikwa tu. Herufi za kawaida, hakuna wa kulalamika."

Nikasimama.

"Mzee Fabiano, hizo za kawaida nani aliziandika?"

"Ni za kompyuta."

"Kompyuta ina mikono? Kuna mtu alikaa akazichora. Huenda ni mlevi, huenda alimpiga mkewe, huenda hakuwahi kuzika hata kuku. Hizo ndizo safi? Na za mtu aliyepiga magoti kwa mama zenu, ndizo najisi, kwa sababu mwizi alizipitisha baa? Ng'ombe wako akiibwa akapatikana mnadani, utamkataa kwa sababu amelala na ng'ombe wa watu?"

"Mama Severina, punguza sauti."

"Sauti ni yangu, haijaibwa bado."

Akaondoka akisema tutaombea. Mimi nikabaki na Severina, karatasi yenye jina la baba yake imelala mezani, na hatujui kama atakuja hata mtu mmoja.

Siku ilipofika walikuja. Si wote. Ndugu wa ukoo walikuja, na vijana wawili watatu aliowafundisha Calist kuchunga. Mughwai alikuja na pikipiki, amefunga madumu ya maji mbele na nyuma, akashinda anabeba mawe. Wanawake wa upande wa Evodia hawakuonekana. Tulipunguza ukubwa wa zege kwa sababu mchanga haukutosha. Hilo nitalikumbuka.

Saruji ilipokwishalainishwa juu, Fabiano akatokea na Evodia nyuma yake. Evodia amejitanda, uso umekaza. Fabiano amebeba kitu kimefungwa gazeti.

"Nimeona nisaidie," akasema, "ili yaishe. Nimekitengenezesha mjini. Evodia amekubali kuja kwa sharti hili: herufi za kawaida."

Akafungua gazeti.

Ilikuwa CALIST MARKO, nyeusi juu ya kigae cheupe. Kwa herufi za Calist.

Fabiano alikuwa hajaziona. Kwake herufi ni herufi. Kumbe alikitengenezesha kwa Hezekia yuleyule, ambaye nadhani aliona anatufurahisha. Au hakufikiri chochote. Fonti ilikuwa bado imo kwenye mashine yake, ile aliyonifutia mbele ya macho. Na kwa sababu jina halikujaza kigae, alikuwa amezivuta. Amezishika kila upande akazivuta kama unga wa maandazi. Ile N yake haipo, lakini A, jamani, A ilikuwa imechuchumaa, na S imejaa kama chura.

Severina alitoa sauti kama mtu aliyechomwa mwiba.

"Amezivuta," alisema. "Mama, amemnenepesha baba!"

Hapo Evodia akacheka. Sikutegemea. Alicheka akashindwa kujizuia, akashika mti wa uzio. "Mzee Fabiano! Ndizo za kawaida hizi?" Mughwai naye akaanza. Fabiano anageuzageuza kigae, anaangalia nyuma yake kana kwamba za kawaida ziko upande wa pili. Mimi sikucheka. Nilikichukua kigae mikononi mwake, nikakiweka chini, chali, na nikasema yote niliyokuwa nayo. Nilianza Kiswahili nikaishia Kinyaturu. Nilisema kwamba mtu anaweza kuibiwa mbuzi akalala, akaibiwa hata mume akalala, lakini huyu kijana ametuibia mkono wa maiti, ametudanganya kwamba ameurudisha, kisha anatuuzia tena ukiwa umevimba. Nikawasema na wale ambao hawakuja, kwamba wanamkasirikia mtoto aliyependa badala ya mtu mzima aliyechukua. Sauti ilinikauka.

"Mama," Severina akasema, "saruji inashika."

Nikamwambia alete karatasi. Alikuwa nayo mkononi, imekunjuliwa, nzuri, kila herufi mahali pake. Akaitazama, akatazama kigae. Akaikunja akanipa.

"Hizi zimeshakuwa za kila mtu," alisema. "Nitaandika mwenyewe."

"Severina, siyo leo. Nilichotaka ni..."

"Najua ulichotaka."

Akapiga magoti. Hakuna aliyemzuia. Evodia alisogea, nikadhani anakwenda kumshika mkono, kumbe alichukua ndoo ya maji akanyunyiza pale palipoanza kukauka, kidogokidogo kwa vidole, ili msumari upite.

Akaandika polepole. Mimi nilikuwa natazama nikiomba mkono wake ushike njia ya baba yake, maana zile herufi amezichora miezi mingi, anazijua kuliko anavyojua uso wangu. Hazikuja. Herufi za Severina zilisimama wima, nyembamba, zimebanana mwanzoni na kuachana mwishoni, kama za mtoto wa shule anayeogopa mwalimu. S aliianzia juu.

Wazazi, onyo langu ni hili. Mtoto wako akitengeneza kitu kwenye kompyuta, usiseme ni mchezo. Muulize ni mkono wa nani. Akienda kuchapa, nenda naye, simama pale, flashi ikiingia iingie na neno: hii si ya kutumia wala ya kutuma. Usikubali kuambiwa haina mwenyewe. Na ukiambiwa imefutwa, usiamini kioo wala uso.

Nimeambiwa juzi kwamba kuna basi la Singida lina jina ubavuni kwa herufi za kulala nyuma. Sijalitafuta. Severina ameizima kompyuta, tangu siku ile hajaichomeka. Na makaburini kwetu, kila kaburi lina mkono wa Calist, isipokuwa la Calist.